Kabla Hujalipia Viini Vinane, Fikiria Kache

Ukienda Kitale au Bungoma kununua simu, muuzaji atakuonyesha boksi kwanza. Viini vinane, gigahezi kadhaa, kamera mbili. Mimi nimesomea masoko, na nakuambia bila kuficha: nambari hizo ziko mbele kwa sababu ni rahisi kuuza. Kuna nambari nyingine ambayo kwa kawaida haiko kwa boksi, na inachangia sana kama programu ya malipo itafunguka mteja akiwa bado amesimama kwa kaunta. Inaitwa kache.

Fikiria duka pale soko la Naitiri. Sukari na unga ziko karibu na mkono wa mwenye duka, magunia mengine yako stoo. Kila akienda stoo, foleni inasimama. Prosesa ndiyo mwenye duka, RAM ndiyo stoo, kache ni ile rafu ya karibu. Ukiajiri watu wanane halafu wote wakimbilie mlango mmoja wa stoo, umeongeza mishahara tu.

Mbona basi kampuni zisiweke kache kubwa? Kwa sababu inakula nafasi kwenye chipu, na nafasi ni pesa. Pia rafu ikiwa kubwa sana, kutafuta kitu ndani yake kunachukua muda. Kiini cha Cortex-A55, ambacho kiko kwa simu nyingi za bei nafuu, kinamruhusu mtengenezaji wa chipu aweke kache ya pili ya hadi KB 256, ama asiweke kabisa. Kwa boksi, zote ni viini vinane.

Intel walijaribu mchezo huu mwaka 1998. Celeron ya kwanza ilitoka Aprili bila kache ya pili, ili bei ishuke. Ikalalamikiwa kwa upole wake. Agosti ikaja Celeron 300A, megahezi 300 zile zile za Celeron 300 iliyoitangulia, lakini na KB 128 ndani ya chipu yenyewe. Pentium II ilikuwa na KB 512, ila nje ya chipu na kwa nusu ya kasi. Ile ndogo ya karibu ikaikaribia kubwa ya mbali kwa kazi nyingi.

Msimamo wangu: kama kazi yako ni kupokea na kutuma pesa ya mahindi, kabambe inatosha. Ukipiga *334#, hesabu inafanywa na mitambo ya mtandao. Simu inaonyesha maandishi tu. Usijifunge na simu ya kulipia kila siku eti kwa sababu ya viini vinane. Ukitaka simu janja, ijaribu dukani: fungua programu tatu, rudi kwa ya kwanza, uone kama inaganda.

Na ikiganda katikati ya kutuma, usibonyeze tena. Angalia SMS na salio kwanza, maana ombi la kwanza huenda limeshafika.

Kitu kingine huchanganya wateja. Simu ikiwa kwa Kiswahili, kwenye mipangilio utaona "Futa akiba". Hiyo ni kache ya programu, yaani faili za muda, si ile ya prosesa, na wala si akiba yako ya pesa. Ukibonyeza hapo, haitoki hata shilingi. "Futa data" ndiyo inaweza kukulazimu kuingia upya.