Tusiisingizie Mvua

Kila mwaka, ifikapo masika ya mwezi wa Machi, na tena vuli ya mwezi wa Oktoba, hutokea jijini Nairobi jambo ambalo tumelizoea hata hatulionei ajabu. Mvua hunyesha saa mbili, na mji husimama. Magari hukwama katika maji yafikayo kwenye milango yake. Watu kwa maelfu huvua viatu wakaenda kwa miguu gizani. Wengine hufika nyumbani saa sita za usiku, na wengine hawafiki. Kesho yake wakubwa na wadogo husema kwa kauli moja kwamba mvua imeharibu usafiri.

Mimi naipinga kauli hiyo. Naipinga kwa sababu si kweli, na zaidi kwa sababu ni uongo wenye faida kwa watu fulani. Mvua haiwezi kuitwa mahakamani, wala haina mdomo wa kujitetea. Atakaye kumficha mkosaji na aitwike mvua kosa lake, naye mkosaji atalala usingizi mnono mahali pakavu.

Nakuomba, msomaji, uanze na jina lenyewe la mji. Nairobi ni neno la Kimaasai lihusulo maji baridi. Wajenzi wa reli waliotoka Mombasa walifika hapo mwaka 1899, wakapapenda kwa kuwa palikuwa na maji, na kwa kuwa palikuwa mahali tambarare kabla ya njia kuanza kupanda kuelekea Kikuyu na Bonde la Ufa. Hawakuwa wakitafuta mahali pa jiji. Walikuwa wakitafuta mahali pa kuegesha vichwa vya treni na kuweka vyuma. Haikupita miaka mingi madaktari wa serikali wakaanza kulalamika kwamba mji umewekwa juu ya bwawa, na kwamba maji hayana pa kutokea. Waliojua walisema, waliotawala hawakusikia. Nasi tulipoupokea mji huo mwaka 1963 tuliupokea pamoja na uziwi wake.

Ardhi ya Nairobi imeinama kutoka magharibi kwenda mashariki. Upande wa magharibi ni wa juu, wenye udongo mwekundu unywao maji vizuri. Huko ndiko yalikojengwa majumba yenye bustani. Upande wa mashariki ni wa chini, wenye udongo mweusi ambao ukilowa huvimba, ukajifunga, ukakataa kupitisha hata tone. Huko ndiko walikowekwa wafanyakazi. Mito ya mji, yaani Nairobi, Ngong, Mathare na vijito vyake, yote hushuka kufuata mteremko huo. Hivyo maji yaangukayo juu ya paa la tajiri humfikia maskini mlangoni, nayo huja na taka zote alizokutana nazo njiani.

Sasa tufanye hesabu, maana hesabu haina upendeleo. Mvua ya milimita 50 ikianguka juu ya kilomita moja ya mraba, maji yake ni lita milioni 50. Mahali penye nyasi na miti sehemu kubwa ya maji hayo hunywewa na ardhi. Paezeke mabati, pamwage saruji, pataandaze lami, nayo hayatakuwa na pa kwenda ila barabarani. Nairobi ina kilomita za mraba karibu 696. Watu waliohesabiwa humo mwaka 1969 walikuwa 509,000 na ziada. Waliohesabiwa mwaka 2019 walikuwa karibu milioni 4.4. Watu wamezidi zaidi ya mara nane, na paa zimezidi pamoja nao. Je, mitaro nayo imezidi mara nane? Jibu la swali hilo huogelewa kila masika.

Wapo watakaonijibu kwamba hali ya hewa imebadilika, na kwamba mvua za siku hizi si zile za babu zetu. Sikatai. Lakini wataalamu walioichunguza mvua kubwa ya mwaka 2024, ile iliyoua watu karibu 300 katika nchi yetu, walisema kwamba joto la dunia liliiongeza mvua hiyo kwa kadiri ya sehemu 5 katika 100. Tano katika mia, msomaji! Tuseme basi kwamba tano ni za hewa. Zile tisini na tano zilizosalia zilikuwa mvua tuliyoijua, iliyokuja katika mwezi tunaoujua. Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu. Sisi tunayo mawingu, tunayo kalenda, tunayo na idara ya hali ya hewa itoayo habari majuma mbele, na bado twashtuka kama watu waliomwagiwa maji usingizini.

Wengine husema kosa ni la watu watupao taka. Neno hili lina ukweli ndani yake, nami nimeona kwa macho yangu mwanafunzi aliyevaa sare safi akirusha chupa mtaroni mbele ya mwalimu wake. Lakini tukumbuke kwamba mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku mwezi wa Agosti 2017, na adhabu kali ikawekwa. Mifuko ikapungua, mafuriko hayakupungua. Mtaro uliochimbwa kwa mji wa watu nusu milioni hata ukifagiwa kila asubuhi hautabeba maji ya mji wa milioni nne. Aidha, mfagiaji anayetumwa mwezi wa Aprili, maji yakiwa yamekwisha kufika kiunoni, ametumwa kupigwa picha.

Kuna na kundi la tatu, nalo ndilo linalosikilizwa sana na vijana. Hawa husema kwamba dawa ni kuondoa matatu na kuleta mabasi makubwa ya kisasa yenye njia zake peke yake. Mimi si mpenzi wa kelele za matatu, wala si adui wa mabasi makubwa. Lakini twende Dar es Salaam tukatazame. Mwezi wa Desemba 2011 mafuriko yaliua watu zaidi ya 40 katika jiji hilo, na wakazi wengi wa bonde la mto Msimbazi wakahamishiwa Mabwepande, ati bondeni si mahali pa kukaa mtu. Mwezi wa Mei 2016 mabasi ya mwendokasi yakaanza kazi, mazuri na marefu, kutoka Kimara hadi Kivukoni, na watu wakayafurahia kwa haki. Basi yalilazwa wapi usiku? Jangwani, katika bonde lile lile la Msimbazi! Mto ulipofurika, karakana ilijaa maji, mabasi yakaharibika, barabara ya Morogoro ikafungwa hapo hapo Jangwani, na safari zikasimama. Si mara moja wala mbili. Baadaye ukatengenezwa mradi wa mamilioni ya dola wa kuinua daraja na kuhamisha karakana. Sisemi haya kuwacheka jirani zetu, maana sisi wenyewe treni zetu za abiria za mjini zilisimamishwa mwezi wa Aprili 2024 kwa sababu hiyo hiyo ya maji. Nasema kwamba chombo kipya kikiwekwa juu ya uzembe wa zamani huwa ni uzembe mpya, tena wa bei kubwa zaidi.

Huenda ukauliza, msomaji, kwa nini dimbwi moja lisimamishe jiji zima. Njia zetu zimepangwa kama spoki za gurudumu la baiskeli: zote huelekea katikati. Atokaye Embakasi kwenda Kangemi hana budi kupita mjini, na pengine kushuka akapande gari jingine. Mahali pamoja tu penye bonde chini ya daraja pakijaa maji, foleni hurudi nyuma mpaka ikaziba njia ambazo hazina hata tone. Naye aliye na fedha za kulipa ushuru hupita juu, katika barabara ya kasi iliyofunguliwa mwaka 2022 kutoka Mlolongo hadi Westlands. Huko juu maji hayamgusi. Matatu nyingi na waendao kwa miguu hubaki chini, wakipokea maji ya mbinguni pamoja na yale yadondokayo kutoka juu ya barabara hiyo.

Na hapa ndipo nauli inapoingia, jambo liniumalo kuliko yote. Matatu zilipata jina lake kwa nauli ya mapeni matatu, yaani senti 30, nazo ziliruhusiwa rasmi kwa amri ya Rais Jomo Kenyatta mwaka 1973. Zilianza kama msaada kwa mtu ambaye mabasi ya kampuni hayakumfikia. Leo tone la kwanza likianguka, utingo huangalia juu, akatabasamu, akaitangaza nauli mara mbili. Tone la kumi likianguka, huwa mara tatu. Jioni moja ya Aprili 2024 nilisimama kituoni karibu na Muthurwa, nimelowa kama wenzangu. Mbele yangu palikuwa na mama mchuuzi wa mboga, mtoto mgongoni na kikapu mkononi.

"Mia tatu, mama," akasema utingo.

"Mwanangu, asubuhi nimekuja kwa themanini."

"Asubuhi ilinyesha, mama?"

Watu wakacheka, nami nasikitika kusema kwamba nilicheka pia, maana jibu lile lilikuwa kali. Mama hakucheka. Alihesabu fedha zake, akazirudisha kifundoni mwa leso, akavua viatu, akashika njia ya Jogoo kwa miguu. Ndipo nilipoona aibu ya kicheko changu, lakini gari lilikuwa limekwisha kujaa, na mimi nilikuwa ndani.

Baadaye nilimuuliza dereva mmoja kwa nini wanafanya hivyo. Akanieleza bila ya kona kona. Mwenye gari hudai kiasi kile kile cha fedha kila jioni, jua liwake au mvua inyeshe. Siku kavu gari huenda safari nane. Siku ya mafuriko likienda nne ni bahati. Nusu iliyopotea lazima itoke mahali, nayo hutoka katika leso ya mama yule. Basi hasira yangu kwa utingo ikapungua, ikapanda ngazi kuwatafuta walio juu yake. Mwenye gari hataki kushiriki hasara ya mvua, mwenye mamlaka ya barabara hashiriki, mwenye jengo lililoziba mto hashiriki. Hasara yote hushuka kama maji, ikatua kwa asiye na wa kumshushia.

Nimetaja jengo lililoziba mto. Mwezi wa Mei 2024, baada ya watu kufa, serikali iliamuru wakazi wote wa kingo za mito waondoke, na nyumba za mabati za Mathare na Mukuru zikavunjwa kwa haraka, wenyewe wakiwa hawajakauka nguo. Najua kwamba kukaa kando ya mto ni hatari, sitetei hatari. Nauliza utaratibu tu. Mwaka 2018 serikali ilivunja majengo makubwa ya maduka, moja Westlands na jingine njia ya Lang'ata, kwa kosa la kukalia njia ya maji, nasi tukashangilia, tukidhani haki imeamka. Mara ikalala tena. Jengo la ghorofa halioti usiku mmoja kama uyoga. Lina ramani iliyotiwa mhuri, na mhuri una mkono. Mtu wa mabati hakuwa na mhuri, ndiyo maana bomoabomoa humpata upesi.

Ninyi mnaosoma maneno haya mliguswa na jambo hili zaidi ya mjuavyo. Shule zilikuwa zifunguliwe tarehe 29 Aprili 2024; zikafunguliwa tarehe 13 Mei. Majuma mawili ya masomo yalikwenda na maji, na mitihani haikusogezwa ili kuyangoja. Kwa hiyo msidhani kwamba mitaro ni habari ya wahandisi peke yao. Nataka mdai mambo ambayo hayahitaji mkopo wa nchi za nje: nauli ya msimu wa mvua iandikwe na kubandikwa garini kabla ya msimu, na mwenye gari apunguze dai lake siku za mafuriko, mitaro izibuliwe Januari na Septemba, kukiwa kukavu, na njia za waendao kwa miguu ziinuliwe kwanza kabla ya za magari, kwa kuwa mvua inyeshapo sisi sote huwa waendao kwa miguu. Mkiambiwa kwamba hakuna fedha, ulizeni ni kiasi gani kilichotumika kuwaokoa watu na kutengeneza barabara zilizobomoka.

Februari iliyofuata nilipita tena kile kituo cha karibu na Muthurwa. Jua lilikuwa kali, na vumbi jingi. Nilikwenda makusudi kuutazama mtaro. Ulikuwa umejaa udongo mpaka ukingoni, na juu ya udongo ule mtu mwenye bidii alikuwa amepanda sukumawiki, mistari miwili, imestawi, imefika magotini.