Anza na kiti, injini baadaye

Ndugu mwandishi, katika makala yako ya kuchagua pikipiki, sikubaliani nawe unapoanza na ukubwa wa injini. Nimeendesha pikipiki miaka 19, mingi nikifuata mifugo kati ya Mbulu, Dongobesh na Haydom juu ya Yamaha DT125. Kiuno ndicho kilichonifundisha.

Lami ya Babati hadi Katesh hudanganya. Mlima Hanang uko mbele yako, upepo mzuri, unaona pikipiki yoyote inafaa. Kata kwenda Basotu baada ya mvua! Ule udongo mweusi hujaa kati ya tairi na madigadi mpaka gurudumu linagoma kuzunguka. Nimeukwangua kwa kijiti, nikasogea hatua chache, nikaukwangua tena. Jamaa yangu alileta pikipiki ya kilo 240 na ushee. Ililala kwenye mteremko, tukainyanyua watu watatu.

Mimi nimechagua Royal Enfield Himalayan ya cc 411. Uzito karibu kilo 200, kiti sentimita 80 kutoka ardhini, tairi la mbele inchi 21, tangi lita 15. Mbio haina, na sizihitaji. Nikisimama kwenye mashimo, usukani unanifikia bila kuinama. Kebo ya klachi na tyubu za akiba natembea nazo, maana spea zake huzipati kila duka kama za Boxer.

Na tafadhali, ukiandika tena, gusa kiti cha abiria. Mke wangu alikikalia nusu saa dukani kabla sijalipa, na nilimsubiri.