KITAMBI CHANGU NA INI LISILOSIKIA

Wiki hii nina kisa changu mwenyewe, hivyo cheka taratibu.

Nilikuwa najivunia kitambi. Pale kijiweni washikaji wananiita Bosi, nami nikipigwa picha nilikuwa nageuka upande ili kionekane vizuri. Juzi nikaenda kupima afya kwa ajili ya kazi mpya. Sukari kabla ya kunywa chai: 6.4. Wakanipima na tumbo kwa ultrasaundi. Ini limejaa mafuta!

"Lakini daktari, kwenye chai naweka kijiko kimoja tu," nikajitetea.

"Mdogo wangu, tatizo si kijiko. Ini lako limeanza kuwa kiziwi."

Nikacheka. Yeye hakucheka.

Akanifafanulia hivi. Ukishakula, kongosho linatoa insulini. Ikifika kwenye ini inasema: chakula kimeingia, acha kumwaga sukari kwenye damu. Ini zima linatii.

Sasa, ndani ya kila chembe ya ini kuna karakana ya kutengeneza na kukunja protini. Kuta zake ni laini na hazitaki kolesteroli nyingi. Kolesteroli yenyewe si mchawi. Ini ndilo linaloitengeneza kwa wingi, na bila hiyo hakuna nyongo wala homoni za uzazi. Balaa ni pale inaporundikana. Kuta zinakakamaa, kazi inaharibika, na chembe inapiga king'ora. Kwenye kelele hizo ujumbe wa insulini unakatikia njiani. Ini linaendelea kumwaga sukari kana kwamba hujala tangu juzi! Kongosho nalo linaongeza insulini, linaongeza tena, mpaka siku linachoka. Hapo ndipo kisukari kinapobisha hodi.

Si hadithi za vijiweni hizi. Mwaka 2004 watafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard kule Marekani, akina Umut Özcan na Gökhan Hotamisligil, walionyesha kwa panya wanene kwamba king'ora hicho kinachangia kuvuruga kazi ya insulini.

Nikamuuliza, mbona siumwi popote? Akasema ini huumia kimya kimya. Jamani, hapo nililowa jasho. Mama yangu anajidunga sindano ya insulini kila siku. Nimekua nikiiona ile sindano, na siku ile niliiona kwenye mkono wangu.

Nafuu ni kwamba 6.4 bado si kisukari. Kisukari kinaanzia 7. Utafiti uliotolewa Marekani mwaka 2002 ulihusu watu waliokuwa mlangoni kama mimi. Waliopewa lengo la kupunguza uzito kwa asilimia 7 na mazoezi ya dakika 150 kwa wiki walipunguza uwezekano wa kuugua kwa asilimia 58, wakilinganishwa na waliopewa vidonge visivyo na dawa.

Basi soda nimeiaga, chipsi mayai tunaonana kwa nadra, na bia... hiyo tunaachana kwa machozi. Mkiniona nashuka daladala vituo viwili kabla ya nyumbani, msidhani nimeishiwa nauli. Ni Bosi huyo, anapunguza mzigo.

Na wewe mwenye kitambi unayecheka hapo, umepima lini? Tukutane wiki ijayo, panapo majaliwa.