Kigarimoshi cha Kanduyi Si cha Mwaka 1931

Mmezisikia hoja za mwenye kigarimoshi cha bati kinachotafutiwa mnunuzi hapa Kanduyi. Nami nimezisikiliza zote, na kigari chenyewe nimekishika mkononi. Amueni ninyi wasomaji.

Anasema kiliundwa 1931, reli ilipofika Kampala kwa kupitia Bungoma. Reli ilifika Kampala mwaka huo, hilo sibishi. Lakini ubavuni kimeandikwa EAR&H. Shirika la Reli na Bandari la Afrika Mashariki lilizaliwa 1948, reli za Kenya na Uganda zilipounganishwa na za Tanganyika. Mwaka 1931 fundi angezitoa wapi herufi hizo?

Anasema tena kwamba namba ya kigari, 5918, ni alama ya mwaka 1959. Mtu yuleyule ametuambia 1931. Achague mwaka mmoja. Hata akichagua huu wa pili, namba haimsaidii. 59 ni aina ya kichwa cha treni, na 18 ni nafasi yake kundini. Vichwa 34 vya aina hiyo, 5901 hadi 5934, viliundwa na Beyer, Peacock ya Manchester mwaka 1955 na 1956, vikapewa majina ya milima. 5918 ni Mount Gelai, na kipo Makumbusho ya Reli, Nairobi.

Hoja ya tatu ina nguvu kidogo: magurudumu yanalingana kabisa na ya aina ya 59, basi fundi alikiona kichwa chenyewe kikiwa kazini. Yanalingana, nimeyahesabu. Ila aina ya 60, ile iliyopewa majina ya magavana, ina mpangilio uleule wa magurudumu. Na aliyekwenda makumbusho, yaliyofunguliwa 1971, angehesabu idadi ileile.

Kutu nayo si cheti cha kuzaliwa. Bati likiachwa nje msimu mmoja wa mvua zetu za Bungoma, linashika kutu.

Sasa tazameni asichokigusa. Kigeuzeni. Chini ya boila, pale lehemu ilipoachia, yanaonekana maandishi ya kopo la mafuta ya kupikia, kichwa chini miguu juu: 2 KG. Makopo ya Kenya yaliacha ratili na kushika kilo baada ya uhuru. Herufi za EAR&H zinatuambia tu kwamba kigari hakiwezi kuutangulia mwaka 1948. Kopo linatuvusha 1963, na alama changa kuliko zote ndiyo inayoamua.

Ekseli zake ni spoki za baiskeli. Seti ya mbele na ya nyuma kila moja inazunguka kwenye pini yake, kwa hiyo kigari kinapinda mara mbili kwenye kona, kama kichwa chenyewe cha aina ya 59. Aliyebuni hivyo kwa kopo na koleo alikuwa fundi hasa, na kukiuza kama mali ya 1931 ni kumnyang'anya kazi yake. Mafundi waliokunja bati miaka ya 1970 wengine wapo hai. Waulizwe kabla kigari hakijauzwa.