Mzabuni Mmoja Dar, Stoo Tupu Mpanda

Wenzetu wanaosoma ununuzi na ugavi wanalijua somo hili: kampuni makini inapunguza idadi ya wazabuni. Mgodi unatumia vitu maelfu: beringi, bolti, glavu, buti, oili, mikanda ya mitambo, nyaya. Ukinunua kwa watu mia mbili, una ankara za watu mia mbili na usumbufu wa watu mia mbili. Ukimpa mmoja mkataba wa miaka mitatu, anakushushia bei, analeta ankara moja kwa mwezi, na bolti ikiwa feki unajua wa kumfuata. Hesabu hiyo ni ya kweli, na sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu ni pale tunapoichukua kutoka darasani na kuitua Katavi kama ilivyo.

Tanzania tunao mfano mzuri wa kununua kwa pamoja, nao ni mafuta. Zamani kila kampuni ilijiagizia yake, meli zinapanga foleni bandarini, na gharama ya kusubiri tunakuja kuilipa sisi kituoni. Tangu 2012 mahitaji yanaunganishwa, wafanyabiashara wakubwa wanashindania zabuni ya kuleta shehena, na mzigo unashushwa Dar es Salaam, Tanga na Mtwara. Lakini angalia kilichounganishwa: ni uagizaji tu. Huku mtaani vituo vimebaki vya kampuni mbalimbali, na EWURA inatangaza bei kikomo kila mwezi, Mpanda ikiwemo. Kituo kimoja kikikauka, unavuka barabara kwenda kingine. Yaani tumeunganisha melini, tukaacha ushindani mtaani.

Kwenye vifaa vya migodi tunaelekea kufanya kinyume. Sheria ipo, tena si mbaya. Kanuni za ushirikishwaji wa Watanzania katika madini za 2018 zinamtaka mwenye leseni awasilishe mpango wake Tume ya Madini. Zinasema pia kwamba kampuni ya wazawa yenye sifa, ikiwa bei yake haijazidi ya chini kabisa kwa zaidi ya asilimia 10, ndiyo ipewe kazi. Shida ni nani anaitwa mzawa. Mwanzoni kampuni ilitakiwa iwe na asilimia 51 ya hisa mikononi mwa Watanzania. Mwaka 2019 ikashushwa hadi 20. Na mzawa kwenye karatasi ni Mtanzania yeyote, awe na ofisi Masaki au na karakana Mpanda. Kwa hiyo mgodi wa Katavi unaweza kumpa mzabuni mmoja wa Dar kila kitu, ukatimiza sheria vizuri kabisa, na mwenye duka la spea Mpanda asiuze hata nati. Hakuna aliyemfukuza. Zabuni imefanywa kubwa tu, na dhamana ya benki anayodaiwa hana.

Kuna watakaosema hiyo ndiyo biashara, asiyeweza apishe. Sawa, tuongee biashara. Kutoka Dar hadi Mpanda ni zaidi ya kilomita elfu moja. Mkoa huu kwa miaka mingi ulikuwa nje ya gridi ya Taifa, ukiendeshwa na majenereta ya dizeli, kwa hiyo watu wake wanajua maana ya kusubiri spea. Pampu ikifa maji yanajaa shimoni siku hiyo hiyo. Punguzo lililopatikana kwenye mkataba linaweza kuliwa lote na siku tatu za kusubiri gari.

Halafu kuna hasara isiyoonekana kwenye vitabu vya mgodi. Mwenye duka anaweka beringi za bei mbaya kwa sababu ana mteja mmoja mkubwa wa uhakika. Mteja huyo akiondoka, beringi haziagizwi tena. Anayeumia sasa ni mchimbaji mdogo wa Nsimbo mwenye karasha, mwenye mashine ya kusaga, na mkulima mwenye trekta. Wote walikuwa wananufaika na stoo iliyobebwa na oda za mkubwa.

Mpanda ina historia ya kutufundisha hapa. Reli ya kutoka Kaliua ilifika pale kwa ajili ya madini ya risasi, yaliyogunduliwa miaka ya 1930. Mgodi ukafungwa karibu na 1960, lakini reli ikabaki, na hadi leo inabeba watu na mazao. Mgodi wowote utaondoka siku moja. Swali ni utaacha nini. Maduka na mafundi waliozoea kuhudumia mitambo mikubwa ni urithi kama reli.

Ni kweli wazabuni wadogo wana matatizo yao: vifaa feki, kuchelewa, risiti za kubabaisha. Sisemi mgodi urudi kwenye ankara mia mbili. Mkataba mmoja uwepo, ila kwa masharti matatu. Kwanza, mzabuni mkuu aweke stoo Mpanda, yenye orodha ya spea ambazo hazitakiwi kuisha. Pili, kazi kama kuchomelea, usafiri, chakula na matengenezo madogo zigawiwe kwa watu wa mkoani, na walipwe ndani ya siku 30. Tatu, ripoti inayokwenda Tume ya Madini itenganishe fedha iliyotumika mkoani na iliyotumika Tanzania nzima. Bila namba hiyo tutaendelea kupongezana tu.

Kwa taasisi za umma, sheria ya ununuzi inatenga asilimia 30 kwa vijana, wanawake, wazee na watu wenye ulemavu. Lakini kikundi cha vijana kitashindaje zabuni iliyofungwa kama furushi moja la mabilioni? Gaweni mafungu.

Wanachuo, hili linatuhusu. Bumu litaisha, na baadhi yetu ndio tutakaoandika vigezo vya zabuni hizi, wengine tutakuwa tunaziomba. Walio Kampasi ya Mizengo Pinda kule Mpimbwe wako mlangoni kabisa mwa jambo lenyewe. Ukikaa kwenye kamati ya tathmini na mkubwa akakuonyesha punguzo la bei, muulize kwanza: stoo iko wapi?