Kati ya "Mawazo" na "Kichaa"

Lugha ya mitaani ina maneno mawili makuu kuhusu maradhi ya akili. Mama asiyelala kwa majuma, aliyepoteza hamu ya chakula na asiyetaka kuonana na watu, husemwa kuwa "ana mawazo". Hushauriwa ajikaze na amwombe Mungu. Anayezungumza peke yake barabarani huitwa "kichaa", na jina la Mirembe, hospitali ya Dodoma inayotibu maradhi hayo, limegeuzwa kuwa utani wa kumtusi mtu. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua. Hata hivyo, anayeficha maradhi ya akili amekwisha kupima gharama ya kuyataja: akinyamaza ataambiwa ajikaze, akisema atachekwa.

"Mawazo" yanapodumu na kumzuia mtu kutekeleza shughuli zake, huenda ni sonona, maradhi yanayotibika. Kikwazo ni kwamba tiba husubiriwa kutoka kwa madaktari bingwa, ambao ni wachache na wengi wao wako mijini. Kuwategemea hao pekee ni kukubali kwamba wagonjwa walio wengi wasitibiwe.

Zimbabwe ilichagua njia nyingine. Mwaka 2006, Dk. Dixon Chibanda, daktari wa magonjwa ya akili, alianza kazi na akina bibi 14 katika kitongoji cha Mbare, jijini Harare. Bibi aliyepewa mafunzo huketi na mgonjwa kwenye benchi la mbao nje ya kliniki, humsikiliza, kisha humsaidia kuchagua tatizo moja na kupanga hatua ya kwanza ya kulitatua. Hutumia neno la Kishona, kufungisisa, yaani kuwaza kupita kiasi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016, uliohusisha watu 573 katika kliniki 24 za Harare, ulionesha kuwa baada ya miezi 6 takriban asilimia 14 ya waliopata huduma ya benchi walikuwa na dalili za sonona, ikilinganishwa na asilimia 50 ya waliopata huduma ya kawaida.

Kufungisisa ni jirani wa karibu wa "mawazo". Neno ambalo jamii imelitumia kupuuza maradhi laweza kuwa mlango wa kuyatibu. Tanzania inao wahudumu wa afya ngazi ya jamii, vikundi vya VICOBA na akina bibi wanaoheshimiwa. Kinachohitajika ni mafunzo, usimamizi na njia ya uhakika ya rufaa.

Wapo wanaohofu kwamba siri ya mgonjwa itazagaa mtaani. Hofu hiyo ni ya haki, na ndiyo sababu msikilizaji sharti afunzwe kutunza siri na asimamiwe na kituo cha afya. Aidha, yeye si mbadala wa daktari. Anayesikia sauti wasizozisikia wengine, au anayetaja kujiua, afikishwe hospitalini siku hiyo hiyo. Wala dawa za mgonjwa zisikatishwe kwa ushauri wa jirani.

Anayemwambia mama huyo "jikaze" mara nyingi hana nia mbaya. Hajafundishwa neno jingine. Ni wajibu wa vyuo vya tiba kumfundisha, na somo la kwanza laweza kuwa swali moja: "Katika yote haya, lipi linakulemea zaidi?" Kisha anyamaze, asikilize.