KIJANA ALIYEKAA DIRISHANI



Fungua nami Matendo 20, kuanzia mstari wa 7. Paulo yuko Troa na kesho anasafiri, kwa hivyo anahubiri mpaka usiku wa manane. Kijana mmoja, Eutiko, ameketi dirishani. Usingizi unamlemea, anaanguka kutoka orofa ya tatu. Wanamwokota akiwa amekufa.

Sisi wa Kayole, Umoja na Huruma tunaijua orofa ya tatu. Tunaishi huko.

Nimetumia andiko hili mara nyingi kuwakemea wanaosinzia kanisani. Siku hizi linanikemea mimi. Eutiko hakuwa kilabuni, alikuwa ndani ya ibada. Nyumba ilikuwa na watu na taa nyingi, lakini andiko halitaji hata mmoja aliyemshika mkono kabla hajaanguka.

Nami nakiri mbele yenu. Tulikuwa na kijana aliyetushikia mitambo miaka mitatu. Anafika kabla ya mashemasi, anabaki nyuma akikunja nyaya. Jumanne ya Juni 25, 2024, siku vijana walipoingia Bunge kuupinga Mswada wa Fedha, alikuwa mjini. Usiku akanitumia ujumbe: "Pasta niombee, nimeona mtu akipigwa risasi." Nikamtumia mstari mmoja wa Zaburi, nikalala. Jumapili nikahubiri Warumi 13, kutii mamlaka. Yeye ndiye aliyenipandishia sauti ili nisikike vizuri. Hakurudi tena.

Nilipotaka kumtafuta, hakuna mzee wa kanisa aliyejua anaishi ploti gani. Miaka mitatu!

Kwa hivyo tukisema vijana wamepotezwa na TikTok na kubeti, naona tunajitoa lawamani haraka. Ni kweli kubeti kunawamaliza, na bangi inauzwa karibu na milango yetu. Lakini huyu hakuibwa na kamari. Alianguka kutoka dirisha letu. Mwaka ule vijana waliuliza waziwazi kwa nini mwanasiasa mwenye bahasha anapewa mimbari, na wao hawapewi hata dakika mbili za kuuliza swali. Wengine wetu tuliita huo uasi. Mimi nasema walikuwa na haki ya kujibiwa.

Paulo alifanya nini? Alikatiza mahubiri. Akashuka ngazi. Akamkumbatia. Kisha akapanda, wakamega mkate, akazungumza nao mpaka alfajiri, na kijana akarudishwa nyumbani hai. Hakusimama dirishani akamhubiria maiti aamke!

Mpendwa, imani ya kijana hailelewi na pasta peke yake. Timotheo aliipata nyumbani, kwa nyanya yake Loisi na mama yake Eunike (2 Timotheo 1:5). Wengi wa vijana wetu nyanya yuko ushago, na mama anatoka kibarua Industrial Area usiku. Loisi wao ni wewe, mama unayeketi mstari wa pili. Ni wewe, baba unayejua kuomba kwa sauti lakini hujui jina la mpiga kinanda.

Kuanzia Jumapili hii, kila nyumba ichukue kijana mmoja. Ujue jina lake, ujue ploti yake, mle chapati na maharagwe pamoja. Ukimkosa ibadani, usimtumie mstari. Nenda. Baada ya ibada wazee tutabaki, vijana watuulize lolote, hata la siasa, na hakuna atakayekemewa. Na mimbari yetu, mwanasiasa atakuja kuketi kama muumini mwingine yeyote.

Yule kijana nilimpata. Tulikunywa chai kibandani, nikamwomba msamaha. Bado hajarudi kanisani, lakini simu zangu anashika. Mwombeeni. Na mimi niombeeni, nijifunze kushuka ngazi mapema.

Unayemfahamu kijana aliyeketi dirishani, mpigie leo kabla hujalala.

Pasta wenu.